Mungu, mbuna na mwalimu wa baiolojia

Na Mwandishi Wetu, Mbamba Bay

SAMAKI mdogo wa rangi ya samawati, aitwaye mbuna, akipandishwa na nyavu kutoka kwenye miamba ya Mbamba Bay, mara nyingine hutema watoto. Mvuvi anamshika, anamminya mashavu kidogo, na mdomoni vinachomoka visamaki kumi, kumi na tano, vyenye macho makubwa kuliko miili yao, kila kimoja hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Vinaanguka kwenye maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi na kuanza kuogelea.

Mama yao amekaa karibu wiki tatu bila kula sawasawa. Mayai aliyatia kinywani mara tu alipoyataga, yakaanguliwa humo humo, na watoto wakabaki humo hadi wapate nguvu.

Wavuvi wa mwambao huu wameyaona hayo tangu utotoni, hawana muda wa kushangaa. Anayeshangaa ni mwanafunzi aliyesimama pembeni na ndoo. Nani aliwafundisha hawa? Na kwa nini wa jiwe hili wana milia, wakati wa jiwe la pili ni wa manjano?

Mwanafunzi huyo tayari ana majibu mawili, na yote amepewa na watu wazima anaowaheshimu. Katekista amemwambia kwamba samaki waliumbwa siku ya tano. Mwalimu wa baiolojia wa kidato cha nne amemwandikia ubaoni kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi, na kwamba spishi mpya hutokana na za zamani, yaani mageuko.

Nilitumwa kufuatilia mvutano wa dini na sayansi katika wilaya za Mbinga na Nyasa. Kadiri nilivyousogelea, ndivyo nilivyoona kwamba makanisa makubwa ya huku yaliumaliza zamani, kwa nyaraka na mihadhara ya Ulaya ambayo mwumini wa kawaida wa Liuli au Litembo hana habari nayo. Amani ilishafanywa ila haikutangazwa, na anayebeba mzigo wa ukimya huo ni mwalimu.

Ziwa lenye spishi nyingi kuliko maziwa yote

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mbinga ikabaki na milima, kahawa na mashamba ya ngoro. Nyasa ikachukua mwambao, kuanzia Lituhi kwenye mdomo wa mto Ruhuhu, ikishuka Liuli na Mbamba Bay hadi kusini mpakani na Msumbiji.

Ziwa Nyasa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina cha takribani mita 700. Hakuna ziwa jingine duniani lenye spishi nyingi za samaki kama hili. Jamii moja tu, ile ya mbuna na ndugu zao wanaouzwa Ulaya kama samaki wa mapambo, inakadiriwa kuwa na spishi kati ya 800 na 1,000, na karibu zote hazipatikani kwingine.

Wingi huo ndio unaowaleta wanasayansi. Mwaka 2005 mashapo ya sakafu ya ziwa yalichorongwa, na yakaonyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na ukame wa kutisha. Kuna wakati maji yalishuka kwa zaidi ya mita 500. Miamba ambayo leo mbuna wanaitetea kama wenye viwanja ilikuwa nchi kavu.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha usomaji kamili wa vinasaba vya spishi 73 za ziwa hili. Walikuta kwamba tofauti kati ya spishi na spishi ni ndogo mno, kati ya asilimia 0.1 na 0.25. Samaki mwenye meno ya kukwangua mwani, mwenzake mwenye taya la kuvunjia konokono, na yule anayekimbiza wenzake katikati ya maji ni ndugu wa karibu, na waliendelea kuchanganya damu hata baada ya kuachana njia.

Wanasayansi wanaeleza kwamba rangi ina kazi kubwa hapa. Jike humchagua dume kwa rangi, na maji ya Nyasa ni maangavu. Kule Ziwa Viktoria, Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, majike hushindwa kutofautisha, spishi zikaanza kuchanganyika na aina kupungua. Kwa hiyo udongo unaoporomoka kutoka milimani unaweza kufuta spishi bila hata samaki mmoja kuvuliwa. Wamatengo, waliobuni ngoro, yale mashimo yanayoshika maji na udongo kwenye miteremko mikali ya Mbinga, wana mchango katika habari hii, na sijaona wakipongezwa kwa huo.

> Udongo unaoporomoka kutoka milimani unaweza kufuta spishi bila hata samaki mmoja kuvuliwa.

Mifupa ya Ruhuhu

Ukipanda bonde la Ruhuhu, umri unabadilika kabisa. Mawe ya huko ni ya zamani kuliko ziwa kwa mbali sana, na ndani yake kuna mifupa.

Mwaka 1933 Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya visukuku katika bonde hilo na kuvipeleka Uingereza. Kati yake ulikuwamo mfupa wa mkono na vipande vya uti wa mgongo. Mwanafunzi wake, Alan Charig, aliandika kuvihusu katika tasnifu yake ya mwaka 1956; jina alilompa mnyama huyo hakuwahi kulichapisha rasmi. Mifupa ikakaa kabatini. Charig alishafariki ilipofika Desemba 2012, Sterling Nesbitt na wenzake walipotangaza kwamba mnyama huyo, Nyasasaurus parringtoni, huenda ndiye dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana. Walikadiria kwamba aliishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, akiwa na urefu wa mita mbili hadi tatu. Vipande vyake viko London na Cape Town.

Neno "huenda" hapo lina uzito. Watafiti wenyewe waliandika kwamba kama si dinosaria kamili, basi ni ndugu wa karibu kabisa, na wataalamu wengine wanaendelea kubishana juu yake na juu ya umri wa mawe yenyewe. Kwa mhubiri anayetafuta dosari, ubishi huo ni ushahidi kwamba sayansi haijui inalosema. Mimi nauona kwa jicho jingine: ni mahali ambapo mtu anaruhusiwa kumpinga profesa wake hadharani na bado akabaki kazini.

Bonde hilo hilo limetoa wanyama wengine wa kale: Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010, na Teleocrater, aliyetangazwa mwaka 2017 baada ya mabaki zaidi kupatikana mwaka 2015. Mabaki ya safari hizi za karibuni yameorodheshwa kwa jina la Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Ni hatua, ukikumbuka kwamba mjusi wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, mpaka leo anawaingizia watu wa Berlin viingilio.

"Samaki bado ni samaki"

Upande wa pili hauna upungufu wa hoja, na haufai kuchekwa.

Kwa Wakristo wanaosoma Mwanzo neno kwa neno, wengi wao wakiwa wa makanisa ya kipentekoste, ya kiinjili na Waadventista wa Sabato, siku sita ni siku sita. Hoja yao juu ya mbuna ni rahisi na ina nguvu: hata kama rangi imebadilika na taya limepanuka, samaki bado ni samaki. Mungu aliumba kila kiumbe kwa jinsi yake, na ndani ya jinsi hiyo aliweka nafasi ya kutofautiana, kama watoto wa tumbo moja wasivyofanana. Hakuna aliyewahi kuona samaki akizaa kitu kisicho samaki.

Mwanasayansi atajibu kwamba hakuna anayedai hivyo. Madai ni kwamba viumbe ni ndugu, na undugu unasomwa kwenye vinasaba na kwenye mawe, kwa muda ambao macho ya mtu mmoja hayawezi kuushuhudia. Hapo ndipo wanapoachana. Mmoja anaamini shahidi aliyeandika, mwingine anaamini alama zilizobaki.

Waislamu wa mwambao wanaushika uumbaji kwa imani ile ile, ila mgawanyiko wao uko mahali pengine. Wapo wanazuoni wanaokubali kwamba wanyama na mimea vinaweza kuwa vimebadilika kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na siku za uumbaji hawazihesabu kwa saa 24. Kwa Adamu, wengi wao hawasogei hata hatua moja: aliumbwa kwa udongo, hana mzazi.

Wangoni na Wamatengo nao walikuwa na Chapanga kabla mmisionari yeyote hajaweka mguu huku. Wazo la Muumba halikuletwa kwa meli.

Ukitaka kuona mvutano huu ukitoka kanisani na kuingia kwenye taasisi ya umma, tazama Nairobi. Mwaka 2006, makumbusho ya taifa ya Kenya yakiwa kwenye ukarabati, Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa akiongoza umoja wa makanisa ya kiinjili, alipinga mifupa ya chimbuko la binadamu kupewa nafasi ya mbele. Kati ya mifupa hiyo yalikuwamo mabaki ya Kijana wa Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu. Mtafiti wa visukuku Richard Leakey alijibu kwa ukali wake uleule uliozoeleka. Mifupa ikaonyeshwa. Askofu alikuwa na haki ya kusema, lakini makumbusho yanayoficha kitu bora kuliko vyote yalivyo navyo yana kazi gani?

Padre aliyemtahadharisha Papa

Mbinga ni nchi ya Wakatoliki. Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na jimbo la Mbinga likaundwa mwaka 1986 kutoka Songea. Mwambao wa Liuli ulikuwa wa Waanglikana wa misheni ya UMCA, waliovuka kutoka kisiwa cha Likoma. Haya ndiyo makanisa mawili yaliyofundisha sehemu kubwa ya watu wa huku kusoma.

Yanasemaje? Mwaka 1950 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliandika kwamba Wakatoliki wanaweza kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, mradi wakubali kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Oktoba 1996 Yohane Paulo wa Pili akasema kwamba mageuko sasa ni zaidi ya dhana. Mwaka 2014 Fransisko naye alikumbusha kwamba Mungu wa Mwanzo asifikiriwe kama mfanya mazingaombwe.

Waanglikana walitangulia. Meli ya misheni, Chauncy Maples, ilipoanza kazi ziwani mwaka 1901, Askofu Mkuu wa Canterbury alikuwa Frederick Temple, mtu ambaye mwaka 1884 alitoa mihadhara Oxford akieleza kwamba mageuko hayamwondoi Muumba. Tarehe nyingine inanifurahisha zaidi: David Livingstone alifika ziwani, lililokuwa na wenyewe siku zote, Septemba 1859. Kitabu cha Charles Darwin kikatoka Novemba mwaka huo huo. Na John Kirk, aliyekuwa naye safarini, ndiye aliyepeleka London mkusanyo wa samaki wa Nyasa ulioandikwa kitaalamu mwaka 1864. Ni Kirk huyu huyu aliyekuja kuwa balozi Zanzibar na kumbana Sultani Barghash mwaka 1873 hadi soko la watumwa likafungwa, mahali ambapo UMCA walijenga kanisa lao la Mkunazini. Biblia na chupa za vielelezo vilisafiri mtumbwi mmoja.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanahisabati. Mwaka 1931 alipendekeza kwamba ulimwengu ulianza kama kitu kimoja kidogo kilichosongamana na kupasuka. Wanasayansi wengi walimtilia shaka, wakihisi kwamba padre anawapenyezea Mwanzo kwa mlango wa uani. Kisha mwaka 1951 Pius yule yule alihutubia akifurahia kwamba sayansi imethibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Alitaka hesabu zake zisimame au zianguke kama hesabu, na imani yake isitegemee darubini ya mwaka huo. Padre alikuwa anamtahadharisha Papa asiitumie sayansi kumtetea Mungu.

> Alitaka hesabu zake zisimame au zianguke kama hesabu, na imani yake isitegemee darubini ya mwaka huo.

Seminari za Peramiho na Likonde zimetoa mapadre kwa vizazi, na padre aliyesoma falsafa na teolojia anayajua haya au sehemu yake. Swali ni kwa nini yanaishia kwenye maktaba ya seminari. Homilia ni fupi, mtu atasema, na waumini wana shida kubwa zaidi. Nakubali nusu yake.

Dawa mseto na chulebuni

Nusu tu, kwa sababu mageuko huku hayako kwenye mawe peke yake. Yako dirishani pa dawa.

Hospitali ya Litembo ni ya kanisa. Hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli ni ya kanisa. Mama yeyote mwenye umri wa kutosha anakumbuka kwamba zamani homa ya mtoto ilitibiwa kwa klorokwini. Mwaka 2001 serikali iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka SP. Mwishoni mwa mwaka 2006 SP nayo ikapisha dawa mseto. Klorokwini ilikuwa ile ile na viwanda vilikuwa vile vile. Vimelea ndivyo vilivyobadilika: dawa iliua vinyonge, ikabakiza vichache vyenye kinga, navyo vikazaana. Sasa mkoani Kagera vimepatikana vimelea vinavyoanza kuchelewa kufa hata kwa dawa mseto.

Huo ni uteuzi asilia, bila dinosaria wala nyani. Sista anayegawa dawa asubuhi baada ya Misa anaufanyia kazi kila siku, na hajaona popote panapomtaka aache kusali.

Panda Mbinga kwenye kahawa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo Ugano, na kazi yake kubwa imekuwa kutafuta miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Wanachagua mti uliovumilia, wanauzalisha, wanauchanganya na mwingine, wanachagua tena. Mkulima wa Kimatengo anajua kuchagua mbegu bila kuambiwa na mtu. Darwin alianza kitabu chake hapo hapo, kwa wafugaji wa njiwa, kabla hajathubutu kusema kwamba maumbile nayo huchagua. Arabika yenyewe ilizaliwa porini kutokana na kukutana kwa aina mbili za mibuni, muda mrefu kabla binadamu hajachemsha kikombe cha kwanza.

Anayepinga mageuko atasema kwamba hayo ni mabadiliko madogo, na yeye hana ugomvi nayo. Sawa. Ila mtoto anayejifunza kwamba neno lenyewe ni la kipagani hatafika kwenye tofauti hiyo. Ataacha dozi katikati akijisikia nafuu, na hatajua amevisaidia vimelea vipi.

Mwalimu aliyeachwa njia panda

Nchi hii serikali yake haina dini, wananchi wake wanazo. Shuleni hilo linaonekana kwenye ratiba. Kipindi cha dini kipo, viongozi wa dini huja kufundisha. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, mwanafunzi mmoja anaweza kufanya karatasi ya Biblia au ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, na siku nyingine za mtihani huo huo akafanya baiolojia, ambako mageuko ni mada kamili. Kwa miaka mingi somo la historia nalo limemwanzisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza na chimbuko la binadamu, Olduvai na fuvu ambalo Mary Leakey aliliokota Julai 1959.

Karatasi hizo hazizungumzi. Mwanafunzi anajifunza kuwa na vichwa viwili: cha baiolojia na cha Biblia. Anajibu kila mtahini anachotaka, anapata alama, anaondoka bila kuamini sawasawa hiki wala kile. Hilo linanisumbua kuliko mlokole anayepinga kwa dhati, kwa sababu huyo walau amefikiri.

Mwalimu naye ni mtu wa parokia. Huenda anaimba kwaya. Mwanafunzi akinyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini kipi?", njia fupi ni kumwambia aandike kama ilivyo kwenye notisi, mtihani hauulizi imani. Simlaumu. Hana andiko la askofu mkononi, wala mafunzo yaliyomwandaa kwa swali hilo, na nyuma ya darasa kuna mtoto wa mchungaji atakayefikisha habari nyumbani kabla ya jua kuzama.

Na hiyo mifano anayoifundisha! Twiga wa Lamarck aliyerefusha shingo. Nondo wa viwandani Uingereza waliogeuka weusi kwa moshi. Ndege wa visiwa vya Galápagos. Mwanafunzi wa Mbamba Bay anakariri nondo wa Manchester, huku nje ya dirisha liko ziwa ambalo wataalamu wa mageuko duniani huomba vibali na kupanda ndege kulifikia.

> Mwanafunzi wa Mbamba Bay anakariri nondo wa Manchester, huku nje ya dirisha liko ziwa.

Hasara hapa ni ya pande zote mbili. Sayansi inabaki hadithi ya wageni, na kijana akiulizwa kuhusu bonde la Ruhuhu hajui kwamba lina kitu. Imani nayo inabaki ya kuogopa maswali, na siku kijana akifika chuo kikuu Dar es Salaam au Dodoma na kukutana na vinasaba vyenyewe, anadhani amelazimika kuchagua. Wapo wanaoacha kanisa kwa sababu ya jambo ambalo kanisa lao lilishalikubali tangu bibi zao wakiwa wasichana.

Swali la kwa nini kuna chochote badala ya pasiwe na kitu, vinasaba vya spishi 73 wala 7,300 havitalijibu. Na swali la mbuna wa jiwe lipi ni ndugu wa nani, hakuna sura ya Mwanzo iliyoandikwa kulijibu. Najua wapo watakaoniambia kwamba mgawo huo ni rahisi mno, kwamba Adamu yuko katikati ya mpaka na hawezi kukatwa vipande. Wana hoja. Lakini ni hoja ya kujadiliwa na watu waliokaa chumba kimoja, na hicho chumba hakijapatikana.

Hakihitaji mradi wa wafadhili. Paroko ana kipindi chake shuleni, na mwalimu wa baiolojia ana chake. Hakuna kanuni niliyoikuta inayowakataza kuingia darasani siku moja, mmoja akiwa na waraka wa 1950, mwingine akiwa na ndoo ya samaki, na kuwaacha wanafunzi waulize wanavyotaka mpaka kengele ya chakula. Sheikhe na mchungaji nao waalikwe. Watapinga, na ni vizuri wapinge mbele ya watoto, kwa sababu zao zilizo bora. Ziwa liko umbali wa kutembea kwa miguu.